Rangi ya Mama kwenye Televisheni

Siku tulipowasha televisheni mpya, baba alivuta kiti chake hadi karibu kabisa na kioo, akawatazama watangazaji wawili wa habari kwa muda, kisha akauliza, "Hawa bantu beko bagonjwa?"

Walikuwa wekundu, wekundu wa nyanya. Televisheni nyingi zinatoka dukani hivyo, zimewekwa rangi kali ili zimvute mpita njia, na yetu ilikuwa imeingia sebuleni na makelele yake yote ya dukani. Mume wangu anafanya kazi ofisini kule Fizi na kushuka huku kwetu Baraka, kando ya ziwa, mwisho wa juma tu. Yeye alisema picha ni nzuri, tuiache. Mimi sikuweza. Ninauza vikwembe, vitambaa vya vitenge, sokoni. Mteja anakitoa kitambaa kwenye kivuli cha banda langu, anakipeleka juani, anakirudisha, anasema hiki sicho alichokiona. Kazi hiyo imenipa jicho lisilotulia. Nikiona rangi imekosewa ninakuwa kama mtu aliyekaa na mlango wazi nyuma ya mgongo wake.

Basi nilichukua telekomande, na kwa wiki nyingi sikuiweka chini.

Menyu ilikuwa ya Kifaransa. Mwanga, kontrasti, ukali wa picha, wingi wa rangi, na mwisho kitu walichokiita joto la rangi, ambacho unaweza kukiweka moto, wastani au baridi, kisha kukisogeza kidogo kidogo. Ukichagua moto, kila kitu kinaelekea udongo wa matofali. Ukichagua baridi, kila kitu kinaelekea samawati, hata wali. Nilipunguza wingi wa rangi, nyuso zikawa kijivu. Nikaongeza, zikawa nyanya tena. Nilifunga pazia, nikalifungua. Batri ya sola ilipoanza kuchoka televisheni ilijipunguzia mwanga yenyewe, nami nikapandisha mwanga, na kesho yake mchana, jua likiwa kali juu ya paneli, tukakuta picha inayochoma macho.

"Mama wee," mume wangu aliniambia Jumamosi moja, "acha hiyo tele ipumue kidogo. Hatujamaliza hata filamu moja."

Alisema kweli. Lakini hakujua nilikuwa ninatafuta nini, na labda hata mimi sikujua vizuri mpaka siku tuliyochomeka flashi ya arusi.

Ilikuwa arusi ya mdogo wangu wa mwisho, iliyofungwa Fizi. Aliolewa na kijana wa Kilembwe. Mpiga picha alirekodi siku nzima, tangu bibi arusi alipotoka nyumbani mpaka watu walipobeba viti. Mama yumo. Hatuna mahali pengine tunapoweza kumwona akitembea. Siku chache baada ya arusi alilala kitandani, na miezi michache baadaye alikufa. Baba, ambaye maisha yake yote alivua huko Ubwari, aliacha nyumba na nyavu, akaja kukaa kwetu.

Na alikuja na neno lake. Alisema mama alilishwa sumu kwenye karamu. Chakula cha arusi kilipikwa na watu wa upande wa bwana arusi, na aliyesimamia masufuria alikuwa mama mkwe wa mdogo wangu, mjane mmoja wa Kilembwe aliyejulikana kwa mkono wake wa kupika. "Mama yenu aliingia katika ile arusi muzima," baba alisema. "Alitoka mugonjwa. Katikati iko nini? Iko sahani." Daktari alikuwa ametuambia ni ini. Baba alijibu kwamba hata sumu inakaa kwenye ini. Huku kwetu neno kama hilo likishatoka mdomoni halirudi. Lilipanda Fizi, likavuka hadi Kilembwe. Yule mjane aliyekuwa akiitwa kupika kwenye kila arusi na kila matanga hakuitwa tena. Mdogo wangu akashuka Baraka kwa machozi, na baba alimkaribisha vizuri, akambeba mjukuu, lakini hakuuliza hata mara moja habari ya nyumba ya mkwe wake. Hakukanyaga Kilembwe.

Flashi ilipoanza kucheza, mama alitokea kwenye mlango wa kanisa akiwa mwekundu.

"Huyo si yeye," baba alisema.

Nikapunguza. Akawa kijivu.

"Huyo ni maiti. Ondoa."

Nikaweka moto, nikaweka wastani. Baba alikuwa anainama mbele, anarudi nyuma, anapangusa macho kwa kiganja. Nilipochagua baridi alitulia. "Hapo," alisema. "Hapo amekuwa karibu." Mimi nilimwona mama akiwa samawati kama mtu aliyetolewa ziwani. Nilidhani ni huzuni tu inayomfanya baba achague vibaya. Tulijua macho yake yamekuwa na ukungu, alikuwa akimimina chai nje ya kikombe, lakini alikuwa mtu wa kukataa kusaidiwa, na sisi tulikuwa tumezoea.

Nikaiacha kwenye baridi kwa ajili yake. Haikunipa raha. Sokoni nilikuwa nikikata kitambaa huku mawazo yangu yako sebuleni. Mama alikuwa na rangi gani hasa? Nilimwona kila siku ya utoto wangu, na sasa nikifumba macho ninapata harufu yake ya moshi na sabuni, ninapata sauti, lakini rangi inakimbia. Nilimuuliza mdogo wangu kwa simu. Akasema mweusi wa kung'aa. Mume wangu akasema maji ya kunde. Kila mmoja alikuwa na mama yake.

Kisha nikakumbuka kikwembe. Kwenye arusi ile familia yote ya upande wetu tulivaa kitambaa kimoja, na mimi ndiye niliyekichagua, kijani cha majani ya muhogo chenye maua meupe makubwa. Kile cha mama kilikuwa sandukuni mwangu, hakikuvaliwa tena. Mchana mmoja baba alipokuwa amekwenda kukaa ufukoni na wavuvi wenzake, nilikitoa, nikakitandaza juu ya kiti pembeni ya televisheni, mahali ambapo mwanga wa dirisha ulikuwa unakifikia. Nikasimamisha picha pale mama alipo mlangoni mwa kanisa, jua la asubuhi likimpiga mbele.

Niliacha kuutazama uso. Nilifanya kazi kama ninavyofanya na mteja mgumu, kitambaa kwa kitambaa. Nilianza na yale maua. Nilitoka kwenye baridi nikaja wastani, nikarudisha kidogo upande wa moto, mpaka meupe ya kwenye kioo yakafanana na meupe ya kwenye kiti. Halafu kijani. Nilipunguza wingi wa rangi taratibu mpaka majani ya muhogo yakawa majani ya muhogo pande zote mbili. Ndipo nikarudi nyuma, nikainua macho kwenye uso.

Alikuwa mama. Alikuwa yeye kabisa, na ile michirizi miwili kando ya mdomo. Nilitaka kumuita. Halafu nikaona macho yake.

Maua ya kwenye bega lake yalikuwa meupe. Macho yake hayakuwa meupe. Yalikuwa manjano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nikapeleka picha mbele, nikarudisha. Mama akageuka, akacheka na mtu, akafunika mdomo, na kila alipoelekea jua yale macho yalikuwa vilevile. Ilikuwa asubuhi. Ini lilikuwa limeshaharibika, na hakuna aliyekuwa amekula kitu. Masufuria ya karamu yalikuwa bado jikoni.

Nilitembea ndani ya sebule ile kutoka ukuta hadi ukuta. Nilitoka nje, nikaingia. Baba aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Papa, kuja uone. Mama alikuwa mugonjwa tangu mbele ya arusi. Angalia macho yake."

Alikaa, akainama. Aliangalia kioo, akaangalia kitambaa kwenye kiti.

"Mi sioni kitu," alisema.

"Macho yake iko manjano, Papa. Linganisha na maua."

"Yote iko manjano. Maua, macho, ukuta wa kanisa, yote." Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini, bila hasira. "We binti yangu, wiki ya kwanza ulimufanya mwekundu. Kisha ukamufanya majivu. Ukamufanya bluu. Leo manjano. Kesho utamupa rangi gani? Kitu chenye unaweza kugeuza na kidole, mi nitakiamini namna gani?"

Nilirudisha kwenye baridi, na macho ya mama yakawa meupe tena, na baba akatulia kwenye kiti chake.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kwangu. Nilijua kitu ambacho hakikuwa na pa kwenda. Nilimwambia mume wangu, akaangalia, akakubali, akasema tumpe mzee muda. Nilimpigia mdogo wangu, akalia, kisha akasema maneno hayo hayawezi kumsaidia mama mkwe wake kama hayatoki kwa baba mwenyewe. Hata sokoni nilikuwa mkali. Nilimgombeza mteja aliyesema kijani changu si kijani.

Kilichonisukuma mwishowe ni lile neno, yote iko manjano. Nililigeuzageuza. Mtu anayeona kila kitu kina manjano ndiye angependa picha ya samawati. Hakuwa amechagua kwa huzuni. Tangazo lilipopita kanisani na msikitini kwamba madaktari wa macho wamefika hospitalini, nilimshika baba mkono, na safari hii sikumpa nafasi ya kukataa. Walimwangalia kwa taa ndogo. Walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, tena wa siku nyingi. Wangeanza na la kulia.

Alipasuliwa, akalala na bandeji. Kesho yake asubuhi muuguzi alimfungua mbele yangu kwenye baraza ya hospitali. Baba alipepesa macho, machozi yakamtoka. Akatazama mkono wake, mbele na nyuma. Akanitazama mimi.

"Umezeeka," alisema.

Muuguzi akacheka. Mimi nilicheka pia, nikiwa sijui nishike nini. Njiani kurudi alisimama kila mara. Alisimama mbele ya ndoo za plastiki, akasimama mbele ya rundo la nyanya. Tulipofika mahali ziwa linapoonekana kati ya nyumba, alifunika jicho lisilopasuliwa, kisha akafunika lililopasuliwa, kisha tena la kwanza. "Ziwa iko bluu namna hii?" aliuliza. "Tangu wakati gani?"

Nyumbani aliwasha televisheni, akaruka. "Nani aliharibu hii tele? Bantu bote beko bluu!"

"Ni weye, Papa. Ulitaka baridi."

Nilimwona akifikiri, na niliona mahali mawazo yake yalipofika, kwa sababu alizima haraka, akatoka nje.

Siku zikapita, hakuigusa. Jioni alikaa uani akiipa televisheni mgongo. Nikimuuliza kama anataka habari alisema redio inatosha. Mimi nilikuwa ninaokota vitu na kuviweka palepale, ninafagia mahali palipofagiwa. Nilitaka kumsukuma, na niliogopa kumsukuma. Mtu amekaa na hasira kwa miaka, amelala nayo na kuamka nayo. Ukimwondolea anabaki na nini?

Halafu mchana mmoja, nikiwa ninakunja vitambaa, alisimama mlangoni. "Kile kikwembe cha mama yenu kiko wapi?"

Nilimpa. Hakukiangalia ndani. Alikitoa uani, akakishika juu kwa mikono miwili kwenye jua kamili, kama wateja wangu, akakigeuza. Akakiweka begani, akaingia, akakaa nacho magotini. Akanyoosha mkono.

"Nipe telekomande. Usiguse kitu. Unionyeshe tu fasi ya kubonyeza."

Nilimwonyesha mahali pa joto la rangi na mahali pa wingi wa rangi, nikakaa juu ya mikono yangu. Alikosea, akatoka kwenye menyu, akaingia tena. Alipandisha mpaka kila kitu kikawa tope, akashusha. Alifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Alikuwa anaangalia kitambaa magotini, anaangalia kioo, anarudi kitambaani, na midomo yake ilikuwa inasogea. Ilichukua muda mrefu kuliko ulionichukua mimi. Lakini alipoacha kubonyeza, maua yalikuwa meupe, na nilijua bila kuuliza kwamba tumefika mahali pamoja.

Mama alikuwa mlangoni mwa kanisa, picha imesimamishwa hapo.

"Hii ni mbele ya chakula?" aliuliza.

"Mbele, Papa. Ni asubuhi. Misa haijaanza."

"Na huyu mwanaume pembeni yake, mwenye koti?"

Nilifikiri anatania. Kisha nikaona kwamba hatanii, kwamba tangu tulipochomeka flashi hakuwa amejiona vizuri kwenye picha ile.

"Ni weye."

Baba alijitazama. Kwenye picha amemshika mama kiwiko, ananyoosha shingo kuelekea mpiga picha. Mama amemgeukia, uso wake uko karibu kabisa na bega la baba.

"Nilikuwa hapo," alisema. "Nilimushika mukono. Alinitazama na yale macho, na mi sikuona." Alirudia, sikuona, mara kadhaa, na kila mara lilikuwa na maana nyingine. Nilikwenda kukaa kwenye sakafu karibu na miguu yake. Tuliangalia arusi yote mpaka mwisho, misa, karamu, dansi. Mama alicheza. Alicheza kidogo, akakaa, akainuka tena bibi arusi alipomwita. Kwenye karamu sahani yake ilionekana mara moja, imejaa, haijaguswa.

Asubuhi yake baba alisema anakwenda Kilembwe. Hakusema tunakwenda, lakini nilifunga banda langu, nikapanda naye. Tulichukua pikipiki mbili, tukapita Fizi kumchukua mume wangu, kwa sababu neno kama hilo halisemwi bila mashahidi, kisha tukashika barabara ya ndani, ile ya tope na madaraja ya miti. Baba alikuwa amebeba gunia la ndagala, dagaa wakavu kutoka ziwani. Hakushuka hata mahali ambapo madereva walituomba tushuke.

Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwa uani anapepeta mchele. Alituona tangu mbali na hakusimama. Mdogo wangu alitoka ndani, akasimama mlangoni, mtoto mgongoni, akitazama upande huu na upande ule. Wanaume wa ukoo waliitwa, viti vikatolewa. Baba alikataa kukaa.

"Mama," alimwambia yule mjane, na hakuwahi kumwita hivyo, "nilisema uliua bibi yangu. Nilisema hapa, nilisema Fizi, nilisema Baraka. Haikuwa kweli. Alikuja kwenye arusi na ugonjwa wake. Nimeona na jicho yangu. Nimekuja kusema vile mbele ya bantu."

Mjane aliendelea kupepeta. Mchele ulikuwa unaruka na kushuka. "Ile asubuhi niliona macho yake," alisema mwishowe. "Nilimuuliza. Aliniambia ni uchovu, niache, siku ni ya mutoto. Nilituma bantu kwako wakwambie. Mara ngapi? Uliwafukuza."

"Niliwafukuza," baba alisema.

"Miaka yote hii hakuna mutu amenipa sufuria nipike."

Mzee mmoja wa ukoo alianza kusema maneno ya kupatanisha, mjane akamkatiza kwa mkono. Akatazama gunia la ndagala miguuni kwa baba.

"Leo sina chakula chako," alisema. "Sijapika kwa ajili yako, na sitapika."

Mume wangu alinigusa mkono, kwamba tuondoke. Baba alivuta kiti, akakaa. "Nitangoja," alisema.

Tulilala kwa mdogo wangu, na mimi sikulala. Kesho yake baba alikuwa uani mapema, kwenye kiti kilekile, bila kuomba kitu. Watu walipita, wakamsalimu, wakaenda kusimulia. Mjane alipita mbele yake na ndoo, akapita na kuni. Jua lilikuwa limeshapanda sana alipofungua lile gunia bila kumtazama, akachota ndagala kwa sahani ya bati, akaingia jikoni. Nilitaka kumfuata nimsaidie. Mdogo wangu akanishika kikwembe, akatikisa kichwa.

Alileta ugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala kwa mawese. Alimwekea baba mbele, akasimama pale pale, mikono kiunoni, na majirani wawili walisimama kwenye ua wao kuangalia. Baba alinawa. Alimega, akachovya, akala. Alikula kwa taratibu, tonge baada ya tonge, kichwa kimeinama.

"Ongeza sombe kidogo, mama," alisema.

"Maliza kwanza hiyo," mjane alimjibu, akavuta kigoda, akakaa mbele yake.